Papa wa Kampemba, kabla ya kukamata motoka zetu angalia freni (breki) kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hampendi barua ndefu, hii nimeiandika usiku mbili na mke wangu kaniambia nikate nusu, nimekata robo. Ni jibu kwa yule papa (baba mmoja) wa Kampemba, komini (manispaa) ya hapa Lubumbashi, ambaye barua yake mliitoa wiki iliyopita, akisema motoka zote ndogo za turbo (kile kifeni kinachozungushwa na moshi na kuisukumia moteri hewa) zinazopiga kelele usiku zikamatwe na zisirudishwe kwa wenyewe. Heshima zako papa. Mimi ni mmoja wao. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, ya buluu, na kama unapitaga pale Carrefour kwetu mjini usiku basi inawezekana kabisa nimeshakukata usingizi au nimekushtua, kwa hilo naomba msamaha bila mzaha.

Lakini papa umeshika mkia wa nyoka ukadhani umeshika nyoka. Kelele na mwendo havilali nyumba moja. Ngoja nieleze, maana hata vijana wenyewe wengi hawajui. Ule mngurumo wa Subaru, ule wa dudududu, ni wa moteri yenyewe, silinda zake 4 zimelala ubavu, mbili huku mbili kule, na mabomba yanayopeleka moshi kwenye turbo hayana urefu sawa, kwa hiyo moshi unafika ukichechemea. Unatoka nao kiwandani, hakuna mtu kauongeza. Ule mlio wa tshuuu kijana akiachia pedali ya mwendo ni mambo mengine kabisa. Turbo inakuwa imeshasukuma hewa, mlango wa hewa wa moteri umefungwa, hewa haina pa kwenda, na kiwandani waliweka valvu ya kuirudisha ndani kimyakimya. Vijana wanaitoa wanaweka ya kutoa hewa nje ili isikike mpaka Kenya (nasema komini yetu ya hapa Lubumbashi, si nchi). Sasa kwenye hii motoka kuna kisensa pale mwanzoni kinachopima hewa inayoingia, kompyuta imeshaihesabu ile hewa na imeshaitayarishia esanse (petroli) yake, wewe ukiimwaga nje esanse inabaki haina mwenzake. Ndo maana kila wakibadili gia unaona moshi mweusi, na bujia (plagi) ukizitoa zimekuwa kama chini ya sufuria ya makala (makaa). Kwa hiyo yule anayekuamsha saa saba ya usiku papa, motoka yake haijaongezeka kitu. Amelipa pesa yake ili asikike tu.

Bomba la moshi hilo ni kweli linaongeza nguvu, siwezi kudanganya. Ukitoa katalisti, lile chujio la kusafisha moshi ndani ya bomba, turbo inapumua vizuri. Shida ni kwamba moshi ukitoka kwa urahisi ile presha ya turbo inaweza kupanda yenyewe kupita pale kompyuta ilipozoea, na kama kompyuta haikupangwa upya hapo moteri inaanza kufa polepole huku mwenyewe anacheka. (Na fundi akikuambia ile katalisti ya zamani iache tu hapa ni chuma mbovu, usiiache. Ndani mna platinamu na paladiamu na rodiamu, na anajua vizuri sana pa kuiuza. Yangu niliiacha kama mjinga na nikasema asante.)

Sa niseme yangu, nisionekane nahubiri.

Motoka yangu ilitoka Japani ikashuka Dar, ikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, safi kabisa, nguvu za farasi 250 za kiwandani. Miezi minane niliiendesha vile ilivyo na ningeishia hapo leo ningekuwa na pesa. Kiisha nikaanza kuangalia video usiku. Nikaanza na filta ya hewa ya wazi ile ya koni, sababu inavuta hewa kwa mlio mzuri, nikaja valvu ya tshuuu, nikaja bomba, na mwisho kijana mmoja mwenye laptop, mtoto mzuri simlaumu sana, akachomeka waya chini ya usukani akaingiza ramani, yaani maagizo mapya ya kompyuta ya moteri, aliyoitoa intaneti. Turbo ikaanza kusukuma bar 1.2 kwenye saa ya kupima presha. Siku ya kwanza nimekanyaga kwenye gia ya tatu, Bwana Mhariri, sina maneno, unasubiri kidogo hakuna kitu, hakuna kitu, alafu kiti kinakupiga mgongoni kama mtu anakutoa kwenye foleni ya benki kwa nguvu. Nilicheka peke yangu ndani ya motoka. Freni sikugusa. Mapine (matairi) sikugusa. Hata haikunijia kichwani.

Mwezi wa saba, asubuhi mapema, naenda Likasi. Ile baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba mnaijua, na moteri ya turbo inaipenda, hewa ya baridi ni nzito, kila silinda inameza zaidi. Jioni iliyotangulia nilikuta foleni kwenye stesheni ya esanse nikajaza kwa kadhafi, muuzaji wa esanse wa kando ya njia, bidoni mbili, sikuuliza imetoka wapi na yeye hakusema. Nimeshavuka peaji (pale pa kulipia njia), naona njia tupu, nakanyaga. Nikasikia sauti ndogo kule mbele, kama bisi zinaanza kupasuka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Tiki, tiki, tikitiki. Na mimi nikafanya kosa la maisha yangu, nikaongeza redio.

Kilomita kumi mbele nikaona kwenye kioo wingu la buluu linanifuata. Nilirudi Lubumbashi nikiwa nimekokotwa na Canter (kilori) ya vitunguu.

Garaji ninayoenda iko Katuba, ya muzee mmoja ambaye hasemi sana. Ana kisaa cha kupima kompresheni, yaani silinda inabana hewa kwa nguvu gani, ambacho namba nusu zimeshafutika lakini yeye anazisoma tu. Akapima silinda moja moja: bar 10, 10, 9 na nusu, ya nne 4. Akapima tena ile ya nne. 4. Akachukua bomba la kompresa akapuliza hewa kwenye tundu la bujia, akaniita niweke sikio kwenye tundu la kumwagia mafuta ya moteri. Nikasikia fssss. Hewa inaingia juu inatokea chini. Hakusema neno, akaenda kunawa mikono.

Tulipofungua, pistoni ya nne ule ukingo mwembamba ulio katikati ya ringi ya kwanza na ya pili umevunjika, kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Ninacho mpaka leo kwenye droo. Watoto wakiuliza ni nini nawaambia hiyo ni dola 1400.

Muzee ndo akanifungulia kale kamlango kadogo ka esanse, akaniuliza mdogo yangu, hapa pameandikwa nini? Kijapani. Karibu mwaka na nusu nimejaza esanse mbele ya yale maandishi bila kujiuliza. Mtoto wake akapiga picha na simu, simu ikatafsiri: esanse ya premium. Kule Japani kuna mbili, ya kawaida ya oktani kama 90 na ya juu ya kama 100, na hii motoka walivyoitengeneza walifikiria ile ya 100. Kwetu kwenye pompi kunaandikwa bei basi, namba ya oktani mimi sijawahi kuiona kwenye pompi yoyote niliyojaza, na bidoni ya kadhafi ndo usiseme. Na vijana wanadhani oktani ni nguvu, hapana, oktani ni uvumilivu. Ni esanse inaweza kubanwa na kuchomwa joto kiasi gani kabla haijawaka yenyewe kwa hasira zake. Turbo kazi yake ni kubana. Ukibana zaidi na esanse haivumilii, inalipuka kabla ya zamu yake wakati pistoni bado inapanda, hapo pistoni inapigwa nyundo kichwani mara maelfu kwa dakika, na zile bisi nilizosikia ndo nyundo zenyewe. Kompyuta ina sikio lake la kusikia hayo na inajaribu kuchelewesha moto wa bujia, lakini ramani ya yule kijana ilikuwa imeliziba karibu lote, na ilikuwa ya nchi za oktani 98 au 100.

Tena ramani hiyo ilikuwa ya motoka za pwani. Hili ndo lilinishangaza kuliko yote. Sisi Lubumbashi tuko juu kama mita 1200, ndugu zetu wa Goma na Bukavu wako karibu 1500, na huku hewa ni nyepesi. Pwani hewa ina bar 1.01, hapa kwetu ni kama 0.88. Motoka isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kuishi Lubumbashi tu, haijakosa chochote. Ya turbo inajitetea, turbo inajaza pale palipopungua, ndo maana tunazipenda huku juu. Lakini ile saa ya presha inahesabu kuanzia hewa ya hapa. Ukiona 1.2 pale Dar, turbo imechukua hewa ya 1.01 imeifikisha 2.21, ni mara mbili na kidogo. Ukiona 1.2 ileile hapa, imechukua 0.88 imeifikisha 2.08, ni mara 2.36. Yaani imefanya kazi zaidi ikatoa kidogo, na hewa iliyobanwa hivo inatoka na moto zaidi, na hewa ya moto ndo inaita zile bisi. Na hiki kifeni kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, mtu wangu, juu ya utando wa mafuta ya moteri mwembamba kuliko nywele, mafuta yenyewe ukayanunue mahali ambapo bidoni za jina kubwa zinaokotwa zinajazwa upya.

Ile filta ya koni nayo. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa hapa hainyeshi, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya jokofu, alafu mimi nimetoa boksi zuri la Wajapani nimeweka sponji ya wazi inayovuta hewa ya moto juu ya moteri. Mlio mzuri lakini. Na Subaru hii ile intakula yake ya kupoza hewa imekaa juu ya moteri, chini ya lile tundu la kapo (boneti), ukitembea inapata upepo, ukisimama dakika 20 kwenye msongamano inageuka jiko, kwa hiyo wale wanaotoka kwenye foleni wakakanyaga palepale wanakanyaga na hewa iliyochemshwa. Basi, hayo ya moteri yatosha, pesa yangu imeliwa na nimelia peke yangu, hakuna jirani aliyeumia.

Freni ndo zinaua jirani, na hapa papa naomba usome polepole.

Motoka ikienda 120, nguvu iliyobeba si mara mbili ya ile ikienda 60. Ni mara nne. Na yote hiyo ukikanyaga freni lazima igeuke joto kwenye visahani vinne vya chuma. Sasa mtoto ameongeza farasi 60, anafika 120 haraka kuliko zamani, na visahani ni vilevile, pedi amenunua zile za bei rahisi sokoni zinazonuka kama kiatu kinaungua, na mafuta ya freni hayajabadilishwa toka Japani. Mafuta ya freni yanakunywa maji kutoka hewani. Ile aina inayoitwa DOT 4 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 230 hivi, ikishakunywa maji inaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, unakanyaga pedali inaenda mpaka chini kama umekanyaga mkate. Mimi nimeikanyaga hiyo mkate. Ilikuwa kwenye mteremko, mbele yangu mama na beseni ya mihogo kichwani, nilishusha gia mbili na nikavuta freni ya mkono na nikapita kando yake kwenye mchanga. Hakugeuka hata. Hiyo siku motoka haikupiga kelele yoyote papa, valvu ya tshuuu nilikuwa nimeshaitoa.

Bidoni ndogo ya DOT 4 haifiki hata bei ya ile valvu. Hakuna kijana anayeinunua sababu haionekani kwenye picha.

Na mapine. Angalieni ubavuni mwa pine, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT (hayahusiani na mafuta ya freni) kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Juzi kijana mmoja alinileta nione motoka yake, Mitsubishi Lancer Evolution, anasema inatoa farasi 300 na kitu, rimu za dhahabu, nikainama nikasoma: 0911. Wiki ya 9 ya mwaka 2011. Mapine ya okazyo (mitumba), mpira umekuwa mgumu kama soli, ukiubonyeza na ukucha hauingii. Nikamuuliza mvua ikinyesha unafanyaje, akasema napunguza redio ili nisikie njia. Nilitaka kucheka nikakumbuka redio yangu.

Kuna lingine ambalo mtu wa nje hawezi kulielewa mpaka aje hapa. Motoka zetu hizi usukani uko kulia, njia zetu tunatembea kulia. Nenda kwenye njia ya Likasi na Kolwezi, mbele yako lori la shaba, mbele yake lori la asidi, mbele yake lingine, wewe umekaa upande wa majani, huoni kitu zaidi ya matope ya lori. Ili uone lazima utoe motoka nzima nje. Kwa hiyo anayeendesha kweli ni yule aliyekaa kushoto. Mimi mdogo yangu ndo anakaa pale, yeye anachungulia, ananiambia ngoja, ngoja, enda! Sasa weka na turbo kubwa. Akisema enda nakanyaga, na turbo kubwa inachukua muda kujaza, moja, mbili, na wakati huo uko kwenye mkono wa wanaokuja, lori limekuwa refu kama treni, alafu nguvu inakuja yote kwa pamoja mapine ya 2011 yakiwa yamepinda kidogo. Turbo ndogo ya kiwandani inajaza mapema, chini, pale unapoihitaji. Hii ndo sababu nawaambia vijana ile ya kiwandani iacheni, kwa njia zetu walau, wananiona mzee. Nina miaka 34.

Kwa hiyo papa ukiomba wakamate, sawa, lakini wakamate nini? Mimi nikisimamishwa naulizwa asiransi (bima), naulizwa vinyeti (ushuru wa motoka), naulizwa karatasi ya kontroli tekniki (ukaguzi wa motoka), zote ninazo, asante, na kama kuna kelele tunazungumza kidogo. Sijawahi kuona mtu anapiga magoti kuchungulia kisahani cha freni kati ya rimu. Sijawahi kuulizwa pine ya mwaka gani. Motoka yangu siku ile ya mama wa mihogo ilikuwa na karatasi zote. Ningekuwa mimi ndo nasimamisha ningeanza na kukanyaga pedali dakika moja nione kama inazama, kazi ya dakika moja, haihitaji mashine. Alafu kelele baadaye, na kelele nazo nakubali kabisa zipigwe faini, sikatai, hospitali ziko mjini na watoto wanalala.

Na ninyi vijana mnaosoma hii kwa simu, mkitaka kweli motoka iende, pesa ya kwanza iende kwenye freni na mapine, ya pili kwenye kupoza na mafuta ya moteri ya kweli, ya tatu mnunue kile kisensa cha kwenye bomba kinachosoma hewa na esanse. Ukienda polepole kitasoma 14.7 kwa 1, yaani hewa 14.7 kwa esanse 1, ukikanyaga lazima kishuke kwenye 11 na kitu, kikibaki 13 na turbo imejaa, achia mguu na uende nyumbani kwa upole. Ndo ramani ije mwisho, na itengenezwe hapa, na esanse ya hapa, kwenye baridi ya mwezi wa saba na kwenye joto la mwezi wa kumi pia.

Yangu imerudi barabarani, pistoni zilitoka Dar zikachukua wiki saba. Yule kijana wa laptop alikuja mwenyewe Katuba, muzee akamkalisha kwenye kiti akamfundisha kusikiliza, wakairudisha presha ya turbo bar 0.9 na wakachelewesha moto wa bujia. Inaenda kidogo kuliko ile asubuhi ya Likasi. Boksi la filta la kiwandani limerudi. Valvu imerudi ile ya kimya.

Papa, kama unataka kuhakikisha njoo Jumamosi yoyote kwenye garaji tuzunguke mpaka njia ya Kipushi. Utakaa kushoto. Wewe ndo utaniambia enda au ngoja.

Msomaji wenu wa Katuba, Lubumbashi